Mwenye Fimbo Hapigi Zumari: Kuzielewa Bendi za Waskoti na Mashindano Yao

Kila Agosti video ile ile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Watu waliovaa sketi za miraba wanapita kwa safu, sauti kama ya mzinga wa nyuki waliochokozwa imewatangulia, na mbele yao kuna mtu mrefu mwenye kofia kubwa ya manyoya meusi. Anazungusha fimbo, anairusha, anaidaka bila kuitazama, anaendelea kutembea kana kwamba hakuna lililotokea. Halafu ubishi unaanza.

Kwenye kundi la ukoo wetu, shemeji alisema huyo wa mbele ndiye kondakta na wote wanafuata fimbo yake. Binamu anayeishi Maskati akakataa katakata kwamba hao ni Waskoti: yeye amewaona kwa macho yake, ni askari wa Oman. Shangazi akauliza kwa nini tamasha la Edinburgh linaitwa "Tattoo" wakati hakuna hata mmoja aliyechanjwa chale. Mjomba, ambaye huwa haandiki mpaka wengine wachoke, akafunga mjadala: bendi hiyo ilichukua ubingwa wa dunia kwa sababu mrusha fimbo wao hakuiangusha hata mara moja.

Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli, isipokuwa mjomba. Na kosa la mjomba ndilo kosa la watazamaji wengi, hata walioko huko huko Uingereza, kwa hiyo tulifungue taratibu.

Kila mtu na jina lake

Chombo chenyewe, kile chenye sauti ya nyuki ambacho Waingereza hukiita bagpipes, hakina jina moja la Kiswahili lililokubalika. Waarabu hukiita zumari la kiriba, na hiyo kiriba yao ndiyo iliyotupa sisi neno letu la mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Nitalitumia jina hilo kwa sababu linakieleza chombo kilivyo. Kuna kiriba ambacho mpigaji hukibana kwapani. Kuna bomba la kupulizia. Kuna zumari lenyewe, lile linalochezewa vidole, na mtu aliyezoea nzumari ya ngoma za pwani atalitambua mara moja: ulimi wa tete wa pande mbili, tundu linalotanuka kuelekea chini, sauti kali inayopasua. Na kuna mabomba matatu yaliyoegemea begani ambayo hayabadilishi sauti hata kidogo. Kazi yake ni kunguruma noti moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama watu wanaoitikia "mmm" nyuma ya mwimbaji bila kuchoka.

Siri iko kwenye kiriba. Mpiga nzumari wa kawaida akivuta pumzi, sauti inakatika, labda awe fundi wa kupuliza kwa mashavu huku akivuta hewa kwa pua. Kiriba kinafanya kazi hiyo ya mashavu: hewa inawekwa akiba, mkono unabana, sauti haikatiki. Lakini faida hiyo ina bei yake. Huwezi kupunguza ukali wa sauti. Huwezi kunyamaza katikati ya wimbo. Noti ni tisa tu. Na ukitaka kupiga noti ileile mara mbili, hakuna ukimya wa kuzitenganisha, kwa hiyo vidole hulazimika kupachika katikati noti nyingine fupi mno, za kasi, ambazo sikio la mgeni halizitambui kama noti bali kama mkwaruzo mdogo. Mapambo hayo ndiyo yanayomla mwanafunzi miaka. Wimbo wenyewe ni wa wiki chache.

Sasa watu. Bendi ya mashindano ya daraja la juu huwa na wapiga zumari 20 hivi au zaidi, kikosi cha ngoma kali zinazopigwa kwa vijiti vyembamba, wapigaji wa ngoma za kati ambao huzungusha vijiti vyenye vichwa laini hewani kwa madoido, na ngoma kuu moja. Bosi wa wote ni paipu meja. Yeye naye anapiga zumari, huchagua nyimbo, hulinganisha sauti za vyombo vyote, hutoa amri ya kuanza, na mguu wake ndio unaoweka mwendo. Wapiga ngoma wana kiongozi wao wa ngoma, ambaye kwa uzito ni wa pili.

Halafu yupo dramu meja, mwenye fimbo, na cheo chake kinapotosha mara mbili. Kwanza, hapigi dramu. Pili, si meja. Kwetu tukisikia meja tunafikiria ofisa aliye juu ya kapteni, lakini katika jeshi la Uingereza dramu meja ni wadhifa ambao kwa kawaida hushikwa na mtu wa ngazi za masajenti. "Meja" hapo ni "mkuu" tu, kwa kuwa zamani alikuwa mkuu wa vijana wapiga ngoma: aliwafundisha, aliwasimamia, na walipokosea aliwaadhibu.

Kwa hiyo shemeji alitumia neno sahihi kwa maana isiyo sahihi. Dramu meja ni kondakta, ndiyo, lakini kondakta wa daladala. Ndiye anayeonekana, ndiye mwenye mbwembwe, ndiye anayeamua gari liondoke au lisimame na anayelielekeza kwenye kona. Abiria wapya wanaweza kudhani gari ni lake. Usukani uko kwa paipu meja.

Mkanganyiko unazidi kwa sababu Marekani, kwenye bendi za vyuo zinazochezea uwanjani wakati wa mechi, mtu mwenye cheo hicho hicho kweli husimama juu ya jukwaa na kuongoza muziki kwa mikono. Jina moja, kazi mbili.

Bomba la pipa

Swali la shangazi lina jibu fupi na zuri. Karne ya 17, katika miji ya Uholanzi na jirani zake, wapiga ngoma wa jeshi walipita mitaani jioni kuwaambia wenye vilabu wafunge mabomba ya mapipa ya pombe ili askari warudi kambini. Maneno ya Kiholanzi ya "funga bomba" yalibebwa na askari wa Kiingereza, yakachakaa mdomoni, yakawa "tattoo". Lile neno jingine la kuchora ngozi lilitoka visiwa vya Pasifiki, safari tofauti kabisa, yakakutana kwenye tahajia kama watu wawili wasiojuana waliopewa jina moja.

Tamasha la Edinburgh limekuwa likifanyika tangu 1950 mbele ya ngome ya mji huo, kila Agosti. Ni onyesho. Hakuna majaji, hakuna kombe. Video nyingi tunazotumiana zinatoka pale, na ndiyo maana watu huchanganya: wanaona mbwembwe za Edinburgh, wanasikia habari za ubingwa wa dunia wa Glasgow mwezi uleule, wanaunganisha vitu viwili kuwa kimoja.

Duara

Ubingwa wa dunia hufanyika Glasgow Green, uwanja wa nyasi kando ya mto Clyde, na mji huo umeushikilia kila mwaka tangu 1986, ukiacha 2020 na 2021 ulipofutwa kwa sababu ya korona. Msimamizi ni chama cha bendi hizo cha Scotland, kilichoanzishwa 1930. Mashindano yenyewe yana mizizi ya zamani zaidi: mji mdogo wa Dunoon ulianza kuyaendesha kwenye michezo yake ya Cowal mwaka 1906, na chama kikaanza kuendesha ubingwa wake wa dunia mwaka 1947.

Mgeni anayefika Glasgow Green akitegemea gwaride hupigwa na butwaa. Bendi inaingia kwa amri ya paipu meja, inapiga hatua chache, kisha inajikunja kuwa duara na kuwageuzia watazamaji mgongo. Wanacheza wakitazamana wenyewe. Majaji wanazunguka nje ya duara wakiwa na karatasi, wengine wakiinama kusikiliza zumari moja moja. Dramu meja hayumo.

Sekunde za mwanzo ndizo za kuogofya. Amri inatolewa, ngoma zinanguruma mara mbili, na ndani ya ngurumo hizo kila mpigaji anakipiga kiriba chake kwa kiganja, mabomba ya begani yanaamka, noti moja inasikika kwa pamoja, wimbo unaanza. Yote hayo hayafiki hata muda wa kusema jina lako kamili mara tatu. Zumari moja likilia nusu sekunde mapema, kila jaji amesikia, na bendi nzima imebeba doa hilo mpaka mwisho. Mwishoni nako vivyo hivyo: wote lazima wanyamaze kama mlango uliofungwa. Bomba moja likikoroma peke yake baada ya hapo, utawaona wapigaji wakikwepa kutazamana.

Majaji ni wanne. Wawili wanasikiliza zumari tu. Mmoja anasikiliza ngoma tu. Wa nne, ambaye namwita jaji wa ulinganifu, husikiliza jinsi zumari na ngoma zilivyokaa pamoja: je, ngoma zinaubeba wimbo au zinaukimbiza?

Matokeo yake huwachanganya watu kwa sababu mshindi ni mwenye namba ndogo. Mzazi yeyote aliyesoma ripoti ya mtoto wa shule ya msingi anajua mantiki hiyo: wa 1 ni bora kuliko wa 9. Kila jaji hupanga bendi kwa nafasi, nafasi nne zinajumlishwa. Tuseme bendi ya kwanza imepewa nafasi ya 2 na ya 1 na majaji wa zumari, ya 4 kwenye ngoma na ya 2 kwenye ulinganifu. Jumla 9. Bendi ya pili imepewa 1, 3, 1 na 3. Jumla 8, na kombe ni lake, ingawa jaji mmoja wa zumari na yule wa ulinganifu waliiona ya kwanza kuwa bora. Zikilingana, nafasi aliyotoa jaji wa ulinganifu ndiyo inayoamua. Angalia orodha hiyo ya majaji tena, mjomba. Hakuna jaji wa fimbo.

Kama ligi za mpira, bendi zina madaraja, kuanzia la kwanza mpaka la nne, na mengine ya vijana, na bendi hupanda au kushushwa. Kwenye ubingwa wa dunia, daraja la kwanza hucheza seti mbili. Moja ni ya mpangilio uliowekwa: machi, kisha wimbo wa mtindo wa straspei wenye mdundo wa kurukaruka, kisha rili ya kasi. Nyingine ni mchanganyiko wa hiari wa dakika 5 hadi 7, ambapo bendi inaonyesha ubunifu wake. Ukipitiliza muda au ukapungukiwa, unaadhibiwa. Ukifikiria kwamba watu wamefanya mazoezi mwaka mzima, wengine wamevuka bahari, kwa ajili ya dakika zisizojaza hata muda wa kuchemsha chai ya watu wengi, utaelewa kwa nini nyuso ndani ya duara zile hazina tabasamu.

Na wanaovuka bahari si wasindikizaji. Polisi wa Strathclyde, Waskoti wenyewe, walichukua taji miaka sita mfululizo, 1981 hadi 1986, na mwaka 1987 mnyororo huo ulikatwa na 78th Fraser Highlanders kutoka Ontario, Kanada. Huko Scotland ilipokewa kama vile timu ya nje imekuja kuchukua kombe la mbuzi kijijini kwenu na kuondoka na mbuzi. Baadaye wakaja Simon Fraser University, pia wa Kanada, wakashinda mara sita. Polisi wa Victoria, Australia, walishinda 1998. Dublin ilipata lake 2010 kupitia St Laurence O'Toole. Field Marshal Montgomery ya Ireland ya Kaskazini imekusanya mataji zaidi ya kumi tangu 1992. Miongoni mwa zenye mataji mengi imo Shotts and Dykehead, ya eneo la zamani la migodi ya makaa la Lanarkshire: 16, la kwanza 1948, la mwisho 2015. Karibu wote hawa ni watu wa ridhaa. Asubuhi ya Jumatatu wanarudi kuwa mafundi bomba, walimu, wauguzi.

Shindano la pembeni

Basi yule mwenye fimbo anashindana au hashindani? Anashindana, na kwa ukali, lakini shindano lake ni lake. Lina majaji wake, madaraja yake ya umri, na mabingwa wake wa dunia. Bendi inaweza kushika mkia na dramu meja wake akawa bingwa, au kinyume chake, na hakuna hata alama moja inayovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Dramu meja wanaingia uwanjani wengi kwa pamoja, kila mmoja kwenye njia yake, bendi ikipiga machi. Wanahukumiwa kwa mambo matatu: mavazi, utembeaji, na uchezaji wa fimbo. Watu wa nje hutazama la tatu tu. Wenyewe watakuambia vita iko kwenye mawili ya kwanza. Jaji wa mavazi hukaribia mpaka karibu na pua. Anakagua mshono wa koti, mkanda mpana wenye nakshi unaopita kifuani, jinsi marinda ya sketi yalivyolala nyuma, weupe wa vifuniko vya viatu, na kama uzi wowote umechomoza. Kofia ile nyeusi ya manyoya, kwa taarifa ya wanaodhani ni ngozi ya dubu, imetengenezwa kwa manyoya ya mbuni yaliyofungwa kwenye fremu. Dubu ni kofia ya walinzi wa London.

Fimbo nayo si fimbo tu. Ina urefu unaokaribia kifua cha mtu mzima, kichwa cha fedha au cha chuma kilichopakwa rangi ya fedha, mnyororo uliosokotwa kuuzunguka mwili wake, na mwili wenyewe kwa kawaida ni henzirani, ule ule wa bakora za wazee wetu wa pwani. Uzito wote uko kichwani. Hilo ndilo linaloifanya izunguke vizuri, na ndilo linaloifanya ikutoroke. Mzungushaji mzuri haitazami. Kidevu kimeinuliwa, macho mbele, mkono unazunguka na mwili hautikisiki. Kuirusha juu sana si lazima na mara nyingi si busara, maana upepo wa Scotland haujali mazoezi yako. Mtu aliyewahi kutazama kirumbizi Lamu ataelewa ninachosema: mwenye fimbo mahiri ni yule anayekufanya usahau kwamba ana fimbo. Wanaume kwa wanawake hushindana pamoja, wanawake wameshachukua ubingwa wa dunia wa watu wazima, na Ireland ya Kaskazini ndiyo inayotisha zaidi katika uwanja huu.

Msimu wao ni wa safari. Kuna ubingwa mkuu mara tano kwa mwaka, kuanzia majira ya kuchipua hadi Agosti: wa Briteni, wa Ufalme wa Muungano, wa Ulaya, wa Scotland na wa dunia, na miji hubadilika, Paisley, Inverness na Dumbarton imewahi kuandaa. Matokeo ya yote matano hujumlishwa kumpata bingwa wa mabingwa. Mtu anayelitaka taji hilo hawezi kukosa hata mji mmoja. Nje ya hapo kuna michezo ya Waskoti wa ughaibuni: Maxville huko Ontario tangu 1948, Grandfather Mountain huko North Carolina tangu 1956, Pleasanton karibu na San Francisco kila mwanzo wa Septemba. Wote huko wanahitaji mtu wa kuongoza bendi zilizounganishwa, na dramu meja mwenye jina hualikwa hata kama bendi yake imebaki nyumbani.

Mizigo, na mti wetu

Hapa kuna kichekesho kidogo. Uwanja wa ndege, mtu mwenye fimbo nzito yenye kichwa cha chuma na kisu kidogo cha kuchomeka kwenye soksi, ambacho ni sehemu ya vazi rasmi, huweka vyote kwenye begi la chini na kupita. Anayepata tabu ni mpiga zumari mwenye sanduku dogo mkononi.

Sababu ya kwanza ni pembe za ndovu. Zumari nyingi za zamani zina pete za pembe kwenye maungio, na leo kuvuka mpaka na pembe bila vibali ni kutafuta kunyang'anywa. Sababu ya pili inatuhusu moja kwa moja. Mabomba yale meusi yanayolala begani mwa Mskoti, pamoja na lile zumari analochezea vidole, ni mpingo. Mpingo huu huu wa Lindi, Mtwara na Kilwa, na wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Waskoti walijaribu miti mingi kabla yake, ya kwao na ya Karibiani, na karne ya 19 meli zilipoanza kuwaletea mpingo kwa wingi, hawakurudi nyuma. Ni mzito kiasi kwamba kipande chake ukikitupa majini kinazama. Hauvimbi ovyo kwa unyevu wa pumzi. Unachongeka mpaka tundu jembamba likabaki na kingo safi. Wachonga vinyago wa Kimakonde wanajua yote hayo bila kuambiwa na mtu wa Glasgow.

Shida ni kwamba mti wenyewe hauna haraka. Unachukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, mara nyingi umepinda, na kinachofaa ni kiini cheusi tu. Mwaka 2017 jamii nzima ya miti ambayo mpingo ni mmoja wao iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kwa karibu miaka mitatu wanamuziki waliishi na karatasi za vibali, hadi vyombo vilivyokamilika viliporuhusiwa tena mwishoni mwa 2019. Kwa upande wetu, misitu ya vijiji huko Kilwa ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Kwa hiyo si kila zumari la Glasgow limetokana na uvunaji wa wizi, kama wengine wanavyopenda kuandika kwa hasira, ingawa bei anayoipata mwanakijiji na bei ya duka la Scotland hazijawahi kukaa meza moja. Zumari za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni hazina mpingo kabisa: nyingi hutengenezwa Sialkot, Pakistan, kwa mti mwingine.

Binamu hakukosea

Turudi Maskati. Oman ina bendi za zumari la kiriba, za miguu, za farasi na za ngamia, na zimewahi kwenda Edinburgh. Sultani Qaboos alisoma chuo cha kijeshi cha Sandhurst, kisha akatumikia katika kikosi cha Waskoti, Cameronians, kabla ya kushika utawala 1970. Hata bila yeye, kiriba kinacholia si kigeni Ghuba: huko kuna zumari lao la ngozi ya mbuzi, na jamaa zake wako Tunisia, Libya, Hispania, Ireland. Anayesema Waskoti ndio waliovumbua chombo hiki anawapa wasichokidai. Walichokifanya wao ni kukiunganisha na ngoma za jeshi katika karne ya 19, wakakifanya bendi, kisha himaya ikakibeba kila mahali.

Kilifika hata kwetu, angalau kwa jina. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya ngoma ya beni vya Mombasa, vilivyoiga magwaride na vyeo vya kijeshi, vilishindana mpaka watu wakauza mali. Wapinzani wawili wakuu waliitwa Kingi na Skochi. La pili halihitaji kutafsiriwa.

Kuna hadithi nyingine inayosambaa na video hizi, kwamba Waingereza waliwahi kupiga marufuku zumari Scotland. Sheria ya 1746, baada ya maasi kushindwa, ilikataza mavazi ya Nyanda za Juu mpaka ilipofutwa 1782. Zumari halikutajwa ndani yake. Kinachoipa hadithi nguvu ni kisa cha kweli: mpiga zumari James Reid alinyongwa York mwaka huohuo wa 1746, mahakama ikisema kwamba kikosi cha Nyanda za Juu hakiendi vitani bila zumari, kwa hiyo chombo chake ni silaha. Mtu mmoja alihukumiwa hivyo. Sheria haikuandikwa hivyo.

Kuhusu sketi, sitasema mengi kwa watu ambao baba zao walivaa kikoi.

Kilichobaki ni swali la haki: kama dramu meja haingii kwenye duara na alama zake haziisaidii bendi, kwa nini wamgharimie mavazi yote hayo? Jibu linaonekana jioni ya siku ya mwisho Glasgow Green. Bendi zote zinaingia uwanjani pamoja kusikiliza matokeo, maelfu ya wapigaji, safu baada ya safu, wote wakipiga wimbo mmoja. Paipu meja wa safu ya kumi hasikii cha wa safu ya kwanza, na hakuna amri ya mdomo inayoweza kufika. Wanachoweza kukiona ni vichwa vya fedha vya fimbo zikipanda juu mbele yao, moja baada ya nyingine. Ikishuka, wanageuka. Ikisimama, wanasimama. Hapo konda ndiye mwenye gari, na mara nyingi mvua inakuwa imeshaanza kunyesha.